Mpishi ndiye aliyekata mkate

Kwa Mhariri,

Salamu alaykum, wewe na wote walio hapo ofisini. Mimi ni msomaji wako wa siku nyingi, mama wa miaka 70, mkaazi wa Kibokoni hapa Mji wa Kale. Kazi yangu kwa miaka 30 na zaidi ni vitafunio: sambusa, kachori, katlesi, mkate wa sinia, na sandwichi za harusi, zile za pembe tatu zinazopangwa kwenye visanduku vya karatasi na kugawiwa wageni pamoja na soda. Mwezi uliopita kwa harusi moja tu ya Majengo nilikata boflo 60 mimi na binti zangu wawili, tangu baada ya isha hadi adhana ya alfajiri. Basi ninapoandika juu ya sandwichi siandiki jambo la kusikia.

Yamenikuta mambo mawili, la kwanza dogo na la pili dogo zaidi, lakini yamekutana juu ya kichwa kimoja.

La kwanza ni la mjukuu wangu aliye Gredi ya 6. Shuleni kwao kulikuwa na chemsha bongo, akaulizwa: "Nani aliyebuni sandwichi?" Mtoto akaandika, "Mpishi wa Earl wa Sandwich." Mwalimu akamtia kosa kwa wino mwekundu, akaandika pembeni kwamba jawabu ni Earl wa Sandwich mwenyewe. Kundi lao likashindwa kwa alama moja, na wenzake wakamnunia njia nzima. Jawabu lile, Mhariri, alilipata kwangu, jikoni kwangu, akiwa amekaa juu ya mbuzi yangu ya kukunia nazi. Kwa hiyo kosa nimetiwa mimi.

La pili ni ukurasa wako wa mapishi wa Jumapili iliyopita. Mwandishi ametufunza kutengeneza sandwichi ya kuku (mayonezi yake ni nyingi mno kwa joto la Mombasa, lakini hilo tuliache), kisha mwishoni akasema chakula hiki "kilibuniwa" na lodi mmoja wa Kiingereza, mcheza kamari, aliyekuwa hataki kuinuka mezani kwenda kula.

Nami nauliza: mtu asiyetaka hata kuinuka mezani, amebuni nini? Aliyeinuka ni mwengine.

Lakini nisianzie jikoni, maana nimegundua hata wazazi wenzangu hawajui huyu Sandwich ni nani. Jirani yangu alidhani ni jina la babake, kama tunavyosema fulani bin fulani. Sivyo. Sandwich ni mji. Earl ni cheo. Uingereza makabaila wana vyeo vitano, kimoja juu ya chengine: juu kabisa Duke, kisha Marquess, kisha Earl, kisha Viscount, na chini yao Baron. Earl yuko katikati, na neno lenyewe ndilo la zamani kuliko yote matano kwa Waingereza. Linakwenda na lile jarl la watu wa kaskazini waliokuwa wakivuka bahari na kupora pwani zao. Walipokuja Wanormani kutoka Ufaransa mwaka 1066 walikuwa na cheo chao cha count, lakini Waingereza wakashikilia Earl yao. Kichekesho ni kwamba mke wa Earl hakupatiwa neno la Kiingereza, akaitwa Countess, yaani mume Mwingereza na mke Mfaransa katika nyumba moja.

Cheo hicho hurithiwa kama nyumba. Baba akifa, kinamwendea mtoto mwanamume mkubwa, awe na akili au asiwe nayo. Sisi hapa tulikuwa na Liwali. Wazee wanawakumbuka kwa majina Sir Ali bin Salim na Sir Mbarak Ali Hinawy. Naam, baba yake Sir Ali naye alikuwa Liwali, lakini uliwali hupewa mtu, na ile "Sir" waliyotunukiwa na Waingereza waliingia nayo kaburini. Hakuna mtoto aliyeikuta katika mirathi. Earl anaikuta. Na huyu Earl wa Sandwich tunayemzungumza alikikuta cheo akiwa mtoto wa miaka 10.

Wa kwanza kuitwa Earl wa Sandwich hakuwa yule wa mkate. Alikuwa Edward Montagu, mtu wa manowari. Alimtumikia Cromwell, yule aliyetawala Uingereza baada ya mfalme kukatwa kichwa. Cromwell alipokufa, Montagu akasoma upepo, akageuza tanga. Mwaka 1660 akaenda na merikebu hadi Uholanzi kumchukua mwana wa mfalme aliyekatwa kichwa, akamrudisha nyumbani akawa mfalme Charles wa Pili. Julai ya mwaka huohuo akapewa cheo. Inasemekana mwanzo alikuwa aitwe Earl wa Portsmouth, kisha akachagua Sandwich. Fikiria angeng'ang'ania lile la kwanza: leo maharusi wa Majengo wangekuwa wananiagiza mapotsmathi ya kuku 300.

Kuna jambo moja katika maisha ya mtu huyu ambalo mkaazi wa Mji wa Kale hawezi kulipita hivihivi. Mwaka 1662 mfalme wake alimtuma Lisbon kwenda kumleta bibi harusi, Catherine wa Braganza, binti wa kifalme wa Ureno. Sisi mahari hutolewa na mwanamume. Wao mali ilitoka kwa upande wa bibi harusi, na katika mali aliyokuja nayo Catherine ilikuwemo miji miwili mizima: Tangier kule Moroko, na Bombay. Bombay hiihii ambayo majahazi yaliyotia nanga Bandari ya Kale yalikuwa yakienda na kurudi kwa kaskazi na kusi, hiihii waliyotoka nusu ya wauza vitambaa wa Biashara Street. Kabla ya kwenda Lisbon, Montagu alikuwa Tangier akisimamia Waingereza waipokee.

Sasa, mwaka huo 1662, nani alikuwa ndani ya Ngome yetu, Fort Jesus? Wareno. Walianza kuijenga 1593 na Waomani waliwatoa humo mwaka 1698, baada ya kuizingira karibu miaka mitatu. Kaka yake bibi harusi, mfalme wa Ureno aliyeitoa Bombay kama mtu anavyotoa seti ya sufuria, ndiye huyohuyo aliyekuwa akijihesabu mwenye Mombasa. Kila nikipita Ngomeni jioni kununua mihogo ya kukaanga hulikumbuka hilo. Tulikuwa katika kabati moja na Bombay, tukaponea chupuchupu, au pengine hatukuonekana tuna thamani ya kutosha.

Montagu huyo alikuwa na jamaa yake aliyemtia kazini, akawa karani wa mambo ya manowari, jina lake Samuel Pepys, ambaye usiku akiandika kila alichokiona mchana kwa hati ya mkato isiyosomwa na kila mtu. Twajua mengi kuhusu bwana mkubwa kwa sababu mdogo wake aliandika. Mimi kilichonipendeza kwa Pepys ni kwamba London ilipoungua mwaka 1666, alichimba shimo bustanini akafukia jibini yake. Huyo ni mtu anayejua thamani ya chakula. Ama Earl mwenyewe, alikufa baharini mwaka 1672 akipigana na Waholanzi. Meli yake ilichomwa moto, na mwili ulipookotwa baadaye ulitambulikana kwa nishani iliyokuwa nguoni.

Mji wenyewe wa Sandwich nimeuona kwa macho yangu. Mwaka 2012 nilikwenda Uingereza kumlea binti yangu aliyejifungua, naye wakati huo akikaa Kent. Mtoto alipotimiza arubaini, mkwe wangu akasema, "Mama, wewe ni mtu wa sandwichi, twende ukaone zilikotoka." Tukaenda. Mji mdogo, mzuri, vichochoro vyembamba kama vya kwetu, nyumba za mbao zimeegemeana kama wazee baada ya Ijumaa. Nikauliza, bahari iko wapi? Maana nilikuwa nimesoma kwamba Sandwich ilikuwa moja ya zile Bandari Tano zilizokuwa zikimpa mfalme merikebu, nayo ikapewa heshima na misamaha ya kodi kwa ajili hiyo. Nikaonyeshwa mto, mto wenyewe wa kuvukwa kwa hatua chache. Bahari ilikuwa imeondoka. Mchanga ulijaa karne kwa karne, na leo mji uko kilomita kama 3 ndani ya nchi kavu. Na jina lenyewe lilikwisha kuonya, kwani Sandwich kwa Kiingereza cha zamani maana yake ni soko la mchangani. Wangekuwa Waswahili wangeuita Mchangani na yakaisha. Nilisimama pale kwenye daraja nikaikumbuka Bandari ya Kale nilipokuwa msichana, majahazi yamebanana milingoti, harufu ya papa na ya tende mpaka chumbani, na hivi leo siku nzima yapita bila kuona chombo cha maana, shughuli zote ziko Kilindini. Yetu haikuzibwa na mchanga. Ilizibwa na meli za chuma.

Njiani kurudi mkwe wangu akasimamisha gari penye kibao cha barabara. Karibu na mji huo kuna kijiji kinaitwa Ham, na kibao kile kinaonyesha vyote viwili, Ham na Sandwich, kimoja juu na kimoja chini. Kwa Kiingereza ham ni nyama ya nguruwe. Watu hutoka mbali kuja kupigwa picha hapo, na wengine wamekiiba kibao chenyewe mara kwa mara. Mkwe wangu akaniambia nisimame nipigwe picha. Nikamwambia picha hiyo ikifika Kibokoni, biashara yangu imekwisha.

Sasa nije kwa huyo wa mkate. Ni wa nne kwa hesabu ya cheo, jina lake John Montagu, aliyezaliwa 1718 na kufa 1792. Alirithi kutoka kwa babu yake maana baba alikuwa ametangulia. Hakuwa mtu mvivu, hilo nampa. Mara tatu alikuwa mkuu wa idara ya manowari ya Uingereza, na mara ya mwisho alikaa miaka 11, kuanzia 1771 hadi 1782, wakati wa vita vya uhuru wa Marekani, na vita vile viliposhindikana lawama nyingi zikamwangukia. Mambo ya nyumbani kwake siyaingilii.

Hili, lakini, nataka mwandishi wako wa mapishi alitie akilini. Akiwa kijana wa miaka 20, kabla ya ukubwa wowote, John Montagu alisafiri baharini mwaka 1738 na 1739 akazunguka nchi za Waturuki hadi Misri. Alirudi amependa mambo ya huko kiasi kwamba akachorwa picha akiwa amevaa mavazi ya Kituruki, na akawa miongoni mwa walioanzisha chama cha watu waliotembea Misri. Mtu aliyekaa Istanbul na Misri amekula nini? Huko nyama hutiwa ndani ya mkate tangu enzi na enzi, kama sisi tunavyotoa mishkaki kwenye kijiti kwa kuibana na kipande cha mkate na kuivuta. Sisemi aliiba. Nasema mtu aliyekwisha kula shawarma ya watu, au mama yake shawarma, hawezi kurudi kwao akaambiwa amebuni nyama ndani ya mkate.

Hadithi ya kamari ilitoka wapi? Ilitoka kwa mgeni. Mfaransa mmoja, Pierre-Jean Grosley, alitembelea London mwaka 1765, kisha akaandika kwamba waziri mmoja wa serikali alikaa kwenye meza ya kamari saa 24 bila kula kitu isipokuwa nyama ya ng'ombe kati ya vipande viwili vya mkate uliochomwa, na kwamba chakula hicho kikapewa jina la waziri huyo. Hata jina lake Mfaransa hakulitaja. Lakini jina la chakula lilikuwa tayari liko mjini. Mwanahistoria Edward Gibbon aliandika katika daftari lake tarehe 24 Novemba 1762 kwamba aliwaona mabwana wakubwa wa nchi, 20 au 30, katika klabu moja ya London, wamekaa kwenye vimeza vidogo wanakula nyama baridi au sandwichi. Na wako wanaomtetea Earl wanaosema mtu aliyebeba kazi ya manowari zote za Uingereza alikuwa akila hivyo mezani kwake ofisini, kalamu mkono mmoja, karatasi mbele yake, wala si karata.

Kamari au kazi, kwangu ni mamoja. Katika hadithi zote mbili bwana amekaa.

Mhariri, niruhusu nikueleze sandwichi inavyokatwa, maana hapo ndipo penye ushahidi wangu. Mkate uliotoka tanuri leo haukatiki. Ukiupitishia kisu unajikunjakunja na kuchanika. Wataka mkate uliolala usiku mmoja. Kisu kiwe chenye meno, kiende na kurudi bila kukandamiza. Siagi ipakwe hadi ukingoni kabisa, si katikati peke yake, kwani siagi ndiyo inayouzuia unyevu wa nyama na kachumbari usiingie ndani ya mkate ukawa uji. Nyama ikatwe dhidi ya nyuzi zake, nyembamba, la sivyo mtu akiuma kipande kimoja chote chavutika na kumning'inia kidevuni mbele ya wakwe. Maganda huondolewa baada ya kujaza, si kabla, ili kingo ziwe sawa. Kisha zafunikwa kwa kitambaa kilichorowa maji na kukamuliwa. Na mtu anayetaka kula kwa mkono mmoja bila kupaka karata mafuta, basi kila moja ya hatua hizi lazima iwe imefanywa barabara. Je, yalijulikana hayo na John Montagu, mkuu wa manowari? Yalijulikana na mtu aliyekuwa nyuma ya mlango, aliyeambiwa saa nane za usiku "lete kitu, usinichafulie meza," akasimama akafikiri, akashika kisu. Huyo ndiye aliyebuni. Jina lake halikuandikwa na mtu.

Nalijua hili kwa sababu ya baba yangu.

Baba alikuwa mpishi wa Wazungu huko Kizingo. Alikuwa na miaka 45, ana watoto saba, na bado akiitwa "boi." Mwaka 1962 mimi nikiwa na miaka saba, mama alikuwa mgonjwa, basi kuna siku baba alinichukua kazini, nikikaa baraza ya nyuma, nimekatazwa kusema. Siku hiyo memsabu alikuwa na wageni wa chai. Nyama ilikuwa kidogo, ya jana, na haradali ya kopo ilikuwa imekwisha. Nilimuona baba amesimama kimya, kisha akatwaa nazi, dania, pilipili mbichi mbili, ndimu na chumvi, akasaga kwa jiwe chatini laini kabisa, akaipaka juu ya siagi, akaweka ile nyama nyembamba mpaka mwanga ukipita. Akakata pembe tatu, akapanga, akafunika. Sahani ilirudi tupu. Ikaenda ya pili, ikarudi tupu. Mgeni mmoja akaja mpaka mlango wa jikoni, na sisi tukasimama, akasema kwa memsabu, hizi sandwichi zako ni za ajabu. Memsabu akasema ahsante.

Hilo lingepita. Watu hupokea sifa za wapishi wao kila siku, hata mimi wakwe wangu wamekwisha kusifiwa kwa sambusa zangu. Lakini miezi kadhaa baadaye baba alikwenda kusaidia kwenye karamu katika klabu moja ya Wazungu hao, akakuta chatini yake ile juu ya meza, na mbele yake kikadi kimeandikwa jina la memsabu: sandwichi ya bibi fulani. Jina silitaji, ana jamaa walio hai. Baba hakujua kusoma Kiingereza. Alisomewa na karani Mgoa. Alipotusimulia nyumbani alicheka. Mama peke yake ndiye asiyecheka. Nami mpaka leo chatini ile naipaka katika sandwichi zote za harusi, na mtu akiniuliza hii ni nini, namwambia ni ya baba.

Majina ya wakubwa, Mhariri, hayaishii mezani. Januari 1778 nahodha James Cook alifika visiwa vya Hawaii, ambavyo vilikuwa na watu wake, wafalme wake na majina yake, akaviita Visiwa vya Sandwich, kwa sababu mkubwa wa manowari wakati huo alikuwa Earl wetu. Miaka mitatu kabla yake alikuwa ameshavipa jina hilohilo visiwa vyengine, vya barafu, kusini kabisa mwa dunia, navyo vinaitwa South Sandwich mpaka leo, labda kwa kuwa hakuna mtu huko wa kukataa. Watu wa Hawaii hawakutaka, na jina lao wenyewe limerudi. Cook aliuawa pwani ya kwao Februari 1779. Na manowari hizohizo za Uingereza zilikuja kwetu pia. Mwaka 1824 Mazrui waliokuwa wakiishikilia Mombasa walimuomba nahodha Owen bendera ya Kiingereza iwakinge na Sultani wa Oman. Owen akaiacha hapa na Luteni Reitz wa kusimamia. Reitz hakumaliza mwaka, homa ilimchukua. Lakini hebu niambie, watoto wa Magongo wanaokwenda hospitali wanakwenda wapi? Port Reitz. Miezi michache ya homa, na jina la miaka 200.

Barabara tumezibadilisha, nakubali. Kilindini Road sasa ni Moi Avenue na Salim Road ni Digo Road. Chakula ni kigumu kubadilisha. Soko la Mackinnon nalo hatukulibadilisha, tulilitafuna tu likawa Marikiti.

Na cheo chenyewe kimefikia wapi? Hapa pana kisa ambacho mwandishi wako angekiandika kingempendeza kila mtu. Earl wa tisa alipofariki mwaka 1962, mwanawe Victor Montagu alikuwa mbunge wa kuchaguliwa. Sheria yao ilisema lodi hawezi kukaa katika bunge la raia. Papo hapo kiti kikamponyoka kwa sababu tu ya baba kufa. Mwaka 1963 ikapitishwa sheria mpya ya kumruhusu mtu kukikataa cheo alichorithi, na mwaka 1964 Victor akakikataa. Mwengine aliyekitupa cheo kwa sheria hiyo ni John Grigg, Baron Altrincham, ambaye baba yake alikuwa gavana wa Kenya kuanzia 1925 hadi 1930. Nusu ya rika langu hapa Mombasa tulizaliwa hospitali ya uzazi ya Lady Grigg, basi bibi huyo ni mama yake John. Tumezaliwa ndani ya jina la mwanamke ambaye mwanawe alikataa kuitwa lodi.

Ila cheo hakifi kwa kukataliwa. Mwenye kukataa hukataa kwa uhai wake tu. Kinakaa kando kama kanzu kwenye ndoano. Victor alipokufa mwaka 1995 mwanawe akakivaa tena, akawa Earl wa kumi na moja. Na mwaka 2004 Earl huyo pamoja na mwanawe mdogo, Orlando, wakashirikiana na mfanyabiashara mmoja kufungua mkahawa huko Florida, Marekani, ndani ya eneo la Disney. Mkahawa huo unauza nini? Sandwichi. Unaitwaje? Earl of Sandwich. Miaka zaidi ya 240 baada ya Gibbon kuandika daftari lake, familia ndiyo kwanza imeanza kulipwa kwa jina lake. Sina kinyongo, kila mtu na riziki yake. Tena nimeona picha za bidhaa zao, na mkate wao umechomwa vizuri.

Basi ombi langu ni mawili. Kwa mwandishi wa ukurasa wa mapishi: tafadhali sahihisha ile sentensi ya mwisho. Andika kwamba sandwichi imepewa jina la Earl wa Sandwich. Imepewa jina, hapo hapana ugomvi. "Alibuni" ulifute. Na mayonezi upunguze nusu.

Kwa mwalimu, ambaye najua gazeti hili analisoma kwa kuwa ndilo linalobandikwa ofisini kwao: mjukuu wangu ananiuliza kila siku kama alama ile itarudi. Nimemwambia asubiri gazeti. Jumatatu nitampa kisanduku akuletee. Zimo sandwichi nane za chatini ya nazi, zisikae juani, na zile mbili zilizofungwa karatasi ya kijani hazina pilipili.

Ni mimi,
Binti wa Mpishi,
Kibokoni, Mombasa